Nukta Niliyoitia Kisandukuni

Maalim wangu Faki,

Shikamoo. Najua safari hii sitasikia marahaba, lakini sijui kuanza maneno na wewe kwa njia nyengine. Ni mimi Zuwena, uliyemsomesha fizikia hapa Mtambile tangu anaogopa hata kushika betri, mpaka akarudi skuli ile ile kuwa mwalimu, akapewa meza ya pembeni yako. Nakuandikia barazani kwako. Ni Ijumaa, watu wametoka msikitini sasa hivi. Bi Mize wako yumo ndani, namsikia akipanga sufuria kwa kishindo, na hataki kusema na mimi. Ana haki.

Wacha nianze na yanayosemeka. Mkeo katoka eda wiki iliyopita, salama. Meza yako ya skuli wameihamishia chumba cha kompyuta, na ule mguu uliouunga kwa waya umevunjika njiani. Nilimtolea maneno mwalimu wa zamu mbele ya wanafunzi, nikaenda kumuomba radhi baadaye. Ulimi wangu unaujua. Karafuu mwaka huu zimekuja kwa wingi, majamvi yamejaa mpaka ukingoni mwa barabara, na wewe ungekuwa umeshalalamika kwamba watoto hawaonekani darasani.

Na ile karatasi ya miraba. Bi Mize aliitia fremu akaitundika ukumbini, chini ya saa. Kila mwanamke aliyeingia kutoa mkono wa taazia alioneshwa. Mmoja aliuliza kama ni ramani ya kiwanja. Bi Mize akamjibu, "Hiyo nukta nyekundu ndiyo kazi ya miaka thelathini ya marehemu. Kaipata kabla hajafa, alhamdulillahi." Mimi nilikuwa nimekaa mkekani pembeni, nikajifanya natafuta simu.

Nukta ile ni ya uongo, Maalim. Haya, nimeshasema. Mara tatu nimeliandika neno hilo na mara tatu nimeichana karatasi.

Unakumbuka ulivyonieleza mara ya kwanza? Nilikuwa kidato cha tatu, tunaanika karafuu uani humu humu. Ulisema moyo wa atomu umejaa chembe, protoni na neutroni, na chembe hizo huvutana zikiwa karibu, lakini zikikaribiana mno husukumana. Kwa hiyo ipo pahala zinatulia. Hata ukiongeza chembe elfu, rundo linakua ukubwa tu, halikazani zaidi ya pale. Ukasema hapo limeshiba. Nikacheka, nikakuuliza limekula nini. Ulinitazama mpaka nikanyamaza.

Halafu ukachora kisanduku kidogo chini, kwa kijiti. Mstari mmoja ni nishati inayozifunga chembe, kiasi cha kumi na sita kwa kila moja, kwa kipimo chake. Mstari wa pili ni msongamano wa kushiba, 0.16, kwa kipimo chake nacho. Maumbile yamo humu, ukasema, na kazi yetu ni kufika humu kwa hesabu tupu, kwa kuanzia jinsi chembe mbili zinavyogongana. Waliotumia nguvu za chembe mbili mbili peke yake, nukta zao zote zilikosa. Nyengine zilifunga sawasawa lakini zimebanana mno, nyengine zilibanana sawasawa lakini hazikufunga vya kutosha. Wewe ukaongeza nguvu inayozuka chembe tatu zikikutana pamoja. Miaka thelathini, kwa penseli, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. "Ukiivuta kwa mkono, Zuwena, si hesabu tena. Ni ramli." Maneno yako hayo.

Na tulivyokuwa tukifanya kazi! Mtu wa kwengine asingetufahamu. Hukutaka kusoma namba kwenye kioo cha kompyuta. Uliniweka kitako mbele yako nikusomee kwa sauti, safu baada ya safu, na wewe umefumba macho, vile vile tulivyosomeshwa sote msahafu chuo cha Kurani. Nikikosea, kidole chako kinagonga ubao wa kiti. Mara moja tu. Hukusema kosa liko wapi. Mtoto wa chuoni akigongewa hurudi mwanzo wa aya akalitafuta mwenyewe, nami nilirudi mwanzo wa safu. Nilikichukia kidole kile. Hakikukosea hata siku moja.

Ijumaa ile, wiki moja kabla hujafa, programu niliyoitilia hesabu zako kwenye kompyuta ilimaliza kazi. Nilikuwa peke yangu chumba cha walimu. Nukta ilitoka 0.21, nishati kumi na tisa. Imebanana mno na imefunga mno. Nje ya kisanduku, tena mbali. Wewe ulikuwa umelala hapa kwako, huli ila vijiko viwili vya uji, na daktari kashatwambia tukurudishe nyumbani.

Nikatia kipande kimoja cha hesabu kwenye programu. Mstari mmoja tu, Maalim. Kipande kile hakina asili. Hakitoki kwenye chembe mbili wala tatu, kimetoka kwangu. Nikakipunguza, nikakiongeza, mpaka nukta ikaingia kisandukuni ikatulia. Nikitaka kusema ilikuwa huruma, basi huruma ilikuwamo. Lakini kwa kuwa sasa hudanganyiki, wacha nimalize. Nilikuwa nimechoka. Na jina langu lilikuwa chini ya lako kwenye ukurasa wa kwanza wa kazi yetu, nikataka liwe jina la mtu aliyefika.

Jumamosi nikakaa kitako mbele ya kitanda chako nikakusomea. Ulifumba macho. Nilipofika safu ya mwisho kidole chako kikagonga ubavu wa kitanda. Mara moja. Nilikisikia. Nikajiambia ni homa hiyo, mkono unamtetemeka mzee wa watu. Nikaendelea kusoma.

Ukafumbua macho, ukamwambia Bi Mize alete karatasi ya miraba na kalamu nyekundu. Nilidhani utachora mwenyewe. Ukanipa mimi kalamu. "Tia wewe. Kwa mkono wako." Nikalia kwa heshima uliyonipa. Heshima! Ya Rabbi, mtu anaweza kuwa mjinga kiasi gani?

Wiki ile kila nikija uliniuliza neno moja. "Zuwena, kuna jipya?" Nami nasema hakuna, Maalim. Nikadhani unapiga soga tu, mgonjwa hana la kuzungumza. Alhamisi ukanishika mkono ukaniomba radhi, kama anavyoomba mtu anayeona safari yake imekaribia. Ukasema kama ulinikosea kwa ukali, au kwa kile kidole, nikusamehe. Nikasema nimekusamehe duniani na akhera. Ukangoja. "Na wewe huna unalolitaka kwangu?" Nikasema sina. Ukangoja tena. Mimi nikakutandikia shuka vizuri miguuni, nikaaga. Ijumaa kabla ya adhuhuri ukafariki.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwezi wa pili baada yako niliitwa chuo kikuu Dar es Salaam kwenda kuieleza kazi yetu. Nikaieleza. Nikalitaja jina lako, wakapiga makofi, nikarudi na boti kichwa kimevimba. Katika waliokuwapo ni Neema, msichana anayesomea shahada ya pili, mpole, ananiita dada. Akaniomba jedwali letu lote, si la pale kwenye nukta tu, bali mpaka misongamano mikubwa kabisa. Yeye anahesabu nyota za neutroni, zile nyota zilizokufa zikajibana mpaka jua zima limeenea kwenye pahala penye upana kama wa Pemba yetu. Jedwali letu ndilo la kumwambia kama kitu kilichobanwa hivyo kina nguvu za kujizuia kisiangukie ndani. Nikampa. Nilimpa hivi hivi, nikamwambia na salamu kwa wazee.

Ijumaa ya kwanza akaniandikia, "Dada, nyota yangu imeanguka." Nikamjibu aikague programu yake. Ijumaa ya pili, "Imeanguka tena." Ijumaa ya tatu akanipelekea grafu. Niliifungua skulini, mchana kweupe, walimu wenzangu wanakunywa chai, nikaifunika kwa kiganja. Kile kipande changu kinasukuma vizuri pale karibu na kisanduku, ndiyo maana kilinifaa. Lakini msongamano ukizidi kinageuka kinavuta, na ukizidi tena kinavuta zaidi. Kitu hicho hakishibi, Maalim. Mstari wa Neema ulikuwa unashuka, unashuka, mpaka umetoka kwenye karatasi, na hapana chochote cha kuuzuia.

Nilijua pale pale. Na nikamjibu, "Angalia tena hatua zako, mdogo wangu."

Kila Ijumaa hivyo. Akaiandika upya programu yote. Akawa haendi kula mchana ili apate zamu ya kompyuta. Akaanza kuniambia labda akili yake haifiki, labda nyumbani walikosea kumsomesha yeye wakamwacha kaka yake. Msimamizi wake akampa mpaka mwisho wa mwezi huu, la sivyo jina linakatwa. Na mimi nikawa naiogopa Ijumaa. Nikisikia adhana ya adhuhuri naificha simu mkobani, maana baada yake simu italia, na nyota ya mtoto wa watu itakuwa imeanguka tena kwa mkono wangu.

Jumatatu hii nikaja kwako. Nikamwambia Bi Mize nayataka madaftari yako nikayatunze skuli. Uongo wa pili huo. Neema alikuwa kashaniuliza kama anaweza kuja Pemba kuona hesabu zako za penseli, na mimi nikahofu humo mna ukurasa utakaonifichua. Nilikuja kuyaficha, Maalim. Bi Mize akanitolea lundo zima, kalifunga kwa kamba. Halafu akasimama mlangoni akaniuliza, "Na la mwisho, unalitaka?" Sikujua kama lipo. Akasema, "Mwenyewe alinambia nisikupe mpaka uje kuyaulizia kwa mdomo wako." Akalitoa kabatini, chini ya kanga zake.

Nimelifungua Jumanne, darasani, wanafunzi wameshaondoka. Mwandiko umelala, penseli haina nguvu, lakini ni wewe mtupu. Kurasa sita. Umeihesabu upya kazi yote kwa njia ya mkato, hapo hapo kitandani, wakati sisi tukidhani umesinzia. Mwisho umeandika, "Kiasi cha 0.2. Kiasi cha kumi na tisa. Nje. Si neno, bora tujue." Na chini yake, mstari kwa mstari:

Jumapili. Hakusema.
Jumatatu. Hakusema.
Jumanne. Hakusema.
Jumatano. Hakusema.
Alhamisi. Nimemuuliza. Hakusema.
Ijumaa.

Baada ya Ijumaa hapana kitu. Uliiandika siku asubuhi yake ukaiacha wazi.

Wallahi nilikisikia kidole. Kiligonga mara moja tu, kwenye ubao wa dawati nyuma yangu. Nikageuka. Darasa tupu, madirisha wazi, upepo umelala. Unaweza kusema ni mbao zinajikunja kwa jua, na mimi nimefundisha sura nzima ya vitu kutanuka kwa joto. Sikukaa kuchunguza. Nilichukua mkoba nikatoka karibu kukimbia.

Ungedhani baada ya hapo nilisema. Sikusema! Nilitembea nalo daftari Jumanne, Jumatano, Alhamisi, limo mkobani, nikasomesha kama kawaida, nikacheka na wenzangu. Jana nilisimama dukani nikanunua kiberiti, na nyumbani viberiti vipo. Nikafika mpaka nyuma ya jaa la skuli. Nikalifungua ule ukurasa, nikaona ile Ijumaa yako haina jibu, nikakirudisha kiberiti mkobani. Si kwa wema. Kwa khofu tu. Nilihisi kama nikilichoma, utaendelea kuandika "Hakusema" pahala nisipoweza kupafikia kwa moto.

Leo asubuhi Neema kaandika mapema kuliko siku zote, kabla hata sijaingia darasani. "Dada, nimefunga mizigo. Nimewaambia nyumbani nimeshindwa, baba hajanijibu. Ahsante kwa uvumilivu wako."

Uvumilivu wangu.

Nilikaa kwenye ngazi za darasa nikamwandikia. Nikamwambia, "Hujashindwa kitu, hesabu yako ni sahihi tangu Ijumaa ya kwanza, nyota yako inaanguka kwa sababu nimeiangusha mimi." Nikamwonesha mstari wenyewe, nikamwambia aufute. Nikampelekea jedwali la kweli, lako, lile la 0.21. Nikaandika na kwa msimamizi wake, maneno yale yale, bila ya kujitetea. Simu imenionesha Neema amesoma. Hajajibu. Nimempigia mara nne, inaita mpaka inakatika. Sijui yuko kwenye basi, au analia, au ananilaani. Sijui yuko wapi, Maalim, na hilo ndilo linalonitafuna hapa nilipokaa.

Kisha nikaja kwa Bi Mize. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akapanda juu ya kiti, akaitoa fremu ukutani akanitia mkononi. "Kumbe miezi yote hii nawaonesha watu uongo wako, na nikisema ni kazi yake." Akaniuliza, "Na yeye alijua?" Nikampa daftari. Hesabu hazijui, lakini siku za wiki anazisoma. Akazisoma zote kwa kidole, moja moja, kidole kikasimama kwenye ile ya mwisho. Ndipo aliponirudishia daftari, akaingia jikoni na kunifungia mlango. Pale ilipokuwa fremu pamebaki mraba mweupe kuliko ukuta wenyewe, na kila anayeingia atauliza.

Nimeshaijaribu programu bila ya kile kipande, na nguvu yako ya chembe tatu peke yake. Sitakwambia nukta imeingia, haikuingia. Iko nje ulipoiona wewe. Lakini ukibana sana, inasukuma. Mstari unapanda. Nyota yake Neema ingesimama tangu siku ya kwanza, kama ningeuzuia mkono wangu tu nikampa kazi yako ilivyo.

Jumapili napanda boti. Nitasimama mbele ya wale wale waliopiga makofi na nitawasomea namba kwa sauti, safu baada ya safu, za kweli. Kisha nitamtafuta Neema, akitaka kunifungulia mlango au asitake. Jina langu litatoka kwenye ukurasa ule wa kwanza, na pengine na kazi ya skuli itakwenda. Lako nitaligombania libaki. Nakuahidi hilo, na nakuahidi sitatia tena kitu kwa mkono, si kwenye hesabu wala kwenye maneno ninayomwambia mgonjwa.

Ulinigongea, nami sikurudi mwanzo wa aya. Nimerudi sasa, na anayesikiliza hayupo. Niwie radhi, Maalim. Ulinishika mkono ukaningoja niiombe, nikasema sina ninalolitaka. Leo naiomba na hapana wa kunijibu, na sioni kwamba nimeonewa. Mola alipanue kaburi lako, asikubane popote. Kwaheri, mwalimu wangu. Nitapita kaburini kukuamkia kabla sijaondoka.

Simu bado kimya. Daftari lako liko magotini pangu, na penseli ni ile ile yako niliyoikuta humo ndani, yenye alama za meno. Nimeutafuta ule ukurasa, na pale ulipoacha wazi nimeandika neno moja, kwa mkono wangu:

Ijumaa. Kasema.

Zuwena